Pacha Mbaya: Kutoka kwa Mtoto wa Liongo Hadi Devil Jin

Mwaka 1989 kijana mmoja wa Kimarekani, Jordan Mechner, alikuwa akimalizia gemu yake ya Prince of Persia akakuta ameishiwa na nafasi. Si nafasi ya nyumba, ni nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta. Mashine yenyewe ilikuwa Apple II, ambayo hata wakati ule ilikuwa imeshazeeka. Alikuwa ameshamchora mwana wa mfalme akikimbia, akiruka, akining'inia ukingoni mwa ukuta. Mwendo ule aliuchukua kwa mdogo wake David, alimpiga picha za video akikimbia na kuruka, kisha akaunakili picha moja baada ya nyingine. Ulitoka mwendo mzuri sana, lakini ulikula nafasi yote. Hakukuwa na mahali pa kuweka maadui wapya, na bila adui wa maana gemu ilikuwa haina chumvi. Basi akafanya ujanja. Alichukua picha ileile ya mwana wa mfalme, akaisogeza kidogo tu, akaigonganisha na yenyewe ndani ya hesabu za kompyuta, akatokea mtu mwingine. Mwili uleule, mwendo uleule, ila anametameta kama mzuka. Nafasi hakula. Akaitwa Mtu Kivuli.

Huyu Mtu Kivuli anaingia hivi. Katika hatua ya nne kuna kioo kimeziba njia, na mchezaji hana pa kupita isipokuwa akirukie. Anaruka, anapita, na upande wa pili anatoka mwenzake anakwenda zake mbio. Hatua ya tano unaikimbilia dawa, yeye ameshafika, anainywa mbele ya macho yako. Hatua ya sita anakufungia lango, unaanguka. Hatua ya kumi na mbili mnakutana na panga mkononi. Ukimpiga, unaumia wewe. Ukimuua, umekufa. Kuna njia moja tu: urudishe upanga wako alani, naye atarudisha wake, mtaendeana, mtaingiana muwe mtu mmoja.

Sisi watu wa kambini tunakielewa kitu kilichozaliwa na upungufu, kwa hiyo nimeanza na huyu. Lakini nimemleta kwa sababu nyingine pia. Kituo cha vijana ninakofanya kazi hapa Kakuma kina TV mbili na PlayStation za zamani, na kuna mjadala umeanza. Baadhi ya wazazi, pamoja na wafanyakazi wawili watatu wa mashirika, wameona kwamba watoto wengi wakikaa kwenye Tekken au Mortal Kombat hawamchagui shujaa. Wanamchagua yule mweusi, mwenye mabawa, mwenye macho mekundu. Wazazi wanasema ni shetani. Watu wa mashirika wanasema ni majeraha ya vita. Wote wamefika palepale: wahusika wabaya wazuiwe. Imeandikwa hadi orodha.

Mimi nadhani wote wameangalia rangi wakasahau mwili. Kwenye gemu kuna adui, na kuna pacha mbaya, na hawa si kitu kimoja. Adui ni mgeni. Ana sura yake, nguvu zake, nchi yake. Pacha mbaya ana sura yako. Ngumi yako ndiyo ngumi yake, pigo ulilojifunza mwezi mzima yeye anazaliwa nalo. Watoto hawamkimbilii kila mbaya. Wekeni pale zimwi lolote la mwisho wa gemu, watalipiga wataliacha. Anayewavuta ni yule anayefanana na shujaa.

Na historia yake ni ndefu kidogo. Miaka miwili kabla ya Mechner, Wajapani wa Nintendo walitoa Zelda ya pili, 1987, na ukishamaliza kila kitu unakutana na bosi wa mwisho: ni kivuli chako mwenyewe kimejitenga. Mwaka 1992 walimtoa Wario, ambaye ni Mario aliyepinduliwa, na jina lake limechanganywa na neno la Kijapani lenye maana ya ubaya, warui. Alikuja kama mwizi wa ngome ya Mario. Watu walimpenda mno, hata kufikia 1994 ana gemu yake mwenyewe. Sonic naye alipata Sonic wa chuma mwaka 1993, kisha Shadow mwaka 2001, mweusi mwenye mistari myekundu, na huyo pia akapewa gemu yake mwaka 2005. Ukiangalia utaona desturi: pacha mbaya anakuja mara moja kumsumbua mwenyewe, halafu wachezaji wanakataa aondoke.

Mortal Kombat ni hadithi ya upungufu tena. Mwaka 1992 walimvalisha mwigizaji mmoja, Daniel Pesina, nguo moja ya ninja, wakambadilisha rangi kwenye kompyuta. Bluu akawa Sub-Zero, njano akawa Scorpion, kijani akawa Reptile aliyefichwa. Watu watatu wanaouana kwa chuki, na wote ni mtu mmoja na nguo yake moja. Mwaka uliofuata, katika ya pili, wakatia na mwingine wa siri, mweusi tupu kama makaa, wakamwita Noob Saibot, ambayo ni majina ya watengenezaji wawili, Boon na Tobias, yaliyosomwa kinyumenyume. Mzaha tu. Huko mbele ndipo wakafichua ni nani: ni Sub-Zero wa kwanza, yule kaka mkubwa aliyeuawa na Scorpion, amerudi kutoka kuzimu akiwa kivuli. Na Sub-Zero tunayemjua sisi ni mdogo wake, aliyerithi jina.

Huyu Noob nitamrudia.

Sasa twende pwani, manake watu wanadhani mambo haya yametoka Japani na Marekani na sisi tumeyapokea kwa waya. Kwetu visiwani, Chula, Chovai, Koyama, Ngumi, mpaka Burikavo na Kiamboni, na kushuka Kiunga na Faza upande wa Kenya, hakuna mtoto wa Kibajuni aliyekosa wa kumsimulia Fumo Liongo. Hata sisi tuliozaliwa au kulelewa kambini tumesimuliwa. Liongo alikuwa mrefu kupita watu, mshairi, mpiga upinde. Alikuwa na mgombea wa utawala, na masimulizi mengi yanamtaja Daudi Mringwari wa Pate, wengine wakisema ni ndugu wa baba mmoja, wengine wakisema ni binamu. Damu moja kwa vyovyote. Mmoja alikuwa na kiti na mwingine alikuwa na watu.

Mnaijua sehemu ya gereza: mama yake akampelekea mkate wa wishwa, kijakazi Saada akaubeba, walinzi wakaudharau wakaupitisha, kumbe ndani mna tupa. Ngoma ikapigwa nje usiku, yeye ndani anakata minyororo kwa mdundo wa ngoma ili isisikike. Ikafika alfajiri, katoka. Edward Steere aliiandika hadithi hii ikachapishwa London mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Kwa hiyo hata mfanyakazi wa shirika anayetaka kuisoma ataipata.

Mimi nilipoisimulia kituoni nilitegemea vijana watanijia na swali la Mringwari. Yeye ndiye mbaya wa hadithi. Hakuna aliyemjali. Walichotaka kujua ni habari za mtoto.

Wagala, yaani Waoromo wa bara, walimwona Liongo wakasema mbegu hii haifai kupotea, wakaomba aoe kwao wapate uzao wake. Akazaliwa mvulana, akakua akimfanana babaye kwa sura na kwa umbo. Mfalme alipochoka kumwinda Liongo bila mafanikio akamwita huyo kijana, akamwahidi makubwa, akamtuma amuulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Mtoto akaenda akauliza. Liongo alielewa alichotumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto akarudi, akapewa sindano, akangoja baba amelala, akamchoma. Liongo akaamka, akachukua upinde na mishale, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Mji mzima ukakaa na kiu siku kadhaa, kila aendaye kuteka maji anamwona Liongo ametega mshale anarudi mbio. Mama yake ndiye aliyemsogelea. Na kijana yule hakupata alichoahidiwa.

Mringwari ni adui. Ana kiti, ana askari, lakini hana chochote cha Liongo ndani yake ila damu ya mbali. Mtoto ndiye pacha mbaya. Ana mwili wa shujaa, ana mapenzi ya shujaa, na ndiyo sababu peke yake aliweza kumfikia. Majeshi hayakuweza. Mzee mmoja wa Chula anayeishi mtaa wa pili kutoka kwetu aliniambia kwamba wao wakiwa wadogo ufukweni walicheza Liongo, na wavulana waligombea kuwa wawili: Liongo mwenyewe na mtoto wake. Mringwari alikuwa anapewa aliyechelewa kuja.

Kwa wanaojua Tekken, hapa mtakuwa mmeshacheka. Heihachi alimtupa mwanawe Kazuya kutoka jabalini akiwa na miaka mitano. Kazuya akakua, akarudi, akamtupa baba palepale. Heihachi akapona, akamtumbukiza mwana ndani ya volkano. Kazuya kaacha mtoto, Jin, na babu akamlea, akamfundisha, na mwisho wa Tekken 3 akampiga risasi. Hapo ndipo ile damu ya shetani aliyoirithi kwa babaye inamwamsha. Tekken 3 ilitoka 1997, ikaingia PlayStation 1998, na sidhani kuna gemu ya kupigana iliyochezwa zaidi katika vibanda vya pwani na vya kambi, ukiacha mpira. Devil Jin kama mtu wa kuchagua alikuja na Tekken 5, 2004 kwenye mashine za mitaani Japani na 2005 kwenye PlayStation 2. Ukoo mzima umejaa baba na mtoto wanaouana kwa ngumi zilezile walizofundishana. Hiyo ni Pate, jamani. Wamebadilisha nguo tu.

Na kuna jambo la jina. Jin ni jina la Kijapani, lakini mtoto wa Kibajuni akilisikia anasikia jini. Kwake hadithi imejieleza. Huyu ni mtu mzuri aliyepandwa na jini, na jini likipanda mtu anabadilika sauti, anakuwa na nguvu za watu kumi, anasema asiyoyajua. Wangapi kati yetu hawajamwona shangazi au jirani katika hali hiyo? Mtu wa namna hiyo kwetu haitwi muovu. Anakalishwa, anafukiziwa udi au anasomewa, anaulizwa: wewe ni nani, unataka nini, umemkuta wapi? Nimewasikia kwa masikio yangu wavulana wa miaka kumi na miwili wakibishana mbele ya TV kama jini la Jin ni la bahari au la bara. Mtoto anayebishana hivyo hajaingiwa na ushetani. Anatumia elimu ya bibi yake.

Elimu ya dini nayo inayo. Tulifundishwa madrasa kwamba kila binadamu amewekewa karini, mwenzake katika majini anayemwambia mabaya. Hadithi iko katika Sahih Muslim. Masahaba walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama hata yeye anaye. Akasema anaye, ila Mungu amemsaidia juu yake. Mashekhe wamelisoma neno linalofuata kwa njia mbili. Wako waliosoma kwamba Mtume amesalimika naye, na wako waliosoma kwamba yule karini amesilimu, haamrishi ila kheri. Mimi si sheikh na sitaamua. Lakini tazama usomaji wa pili: karini hakuuawa, aligeuka. Mzazi anayeniambia kwamba wazo la pacha mbaya ni la kikafiri, namwomba kwa heshima akamuulize mwalimu wake wa zamani kuhusu karini.

Hadi hapa nimeeleza kwa nini pacha mbaya ana mvuto popote. Kwetu Wabajuni kuna na sababu ya ziada, na hii haikutoka kwa majini. Imetoka kwa makaratasi.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka ukashuka baharini karibu na Kiamboni. Wabajuni walikuwa pande zote mbili na waliendelea kuvua pande zote mbili, wanaoana, wanazikana. Lakini kuanzia siku ile kila familia ikawa na nakala mbili. Huku Mbajuni wa Mwingereza, kule Mbajuni wa Mtaliano. Baadaye huku wa Kenya, kule wa Somalia. Sura moja, majina mamoja, ngalawa moja wakati mwingine. Mtaliano Vinigi Grottanelli alikuja kuwachunguza wa upande wake akatoa kitabu kikubwa mwaka 1955 juu ya wavuvi wa Bahari ya Hindi, na ukisoma maelezo ya mitego, mashua na harusi huwezi kutofautisha na Faza.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Wenye bunduki wakaingia Kismayo na visiwani, wakachukua mashua, injini, nyavu, wakafanya na mengine ambayo wazee wetu hawayasemi mbele ya watoto. Watu wakatweka kwenda Kenya. Wabajuni wengi wakawekwa kambi ya Jomvu, Mombasa, na huko watoto wakakua wakizungumza na watoto wa Mombasa. Ni kawaida ya watoto. Aliyetoka Chula anasema chachu badala ya tatu, akikaa Jomvu miaka mitano akiitwa mshamba, ataanza kusema tatu. Kambi za pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wako waliorudi visiwani, wako waliopelekwa kambi za bara, wako waliotafuta njia ya Ulaya.

Waliofika Uingereza walikutana na pacha wao. Afisa aliyepokea ombi la ukimbizi alikuwa na shaka kwamba huyu anayejiita Mbajuni wa Somalia huenda ni Mbajuni wa Kenya, ambaye hana haki ya hifadhi ile. Kwa hiyo wakaulizwa majina ya visiwa na ya samaki, na sauti zao zikarekodiwa zikapelekwa Sweden, kwa kampuni ya Sprakab, ili wachambuzi waseme lugha ile ni ya upande gani. Mwaka 2010 mahakama ya uhamiaji ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyefichwa kwa herufi RB. Alisema ni Mbajuni wa Somalia. Uchambuzi ulisema Kiswahili chake ni cha Kenya. Mahakama iliupa uchambuzi ule uzito mkubwa, na kesi ile ikawa ya kutajwa katika nyingine.

Sisemi kwamba hakuna watu waliodanganya. Wapo, na kila Mbajuni mkweli aliyekataliwa anawajua na anawalaani. Mimi nasema tu jinsi mambo yalivyoonekana kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kile. Kuna mtu mwingine ndani ya faili lako. Ana jina lako, ana sauti yako, amezaliwa mahali pengine, na ni mwongo. Unatakiwa umshinde. Lakini kila unalosema linampa nguvu yeye, kwa sababu ukisema vizuri umefundishwa, na ukisema vibaya hukutoka huko. Ukimpiga unaumia wewe. Hatua ya kumi na mbili.

Watoto wa kituo chetu hawajui RB ni nani. Lakini wanaishi katika nyumba ambazo habari hizi zinazungumzwa usiku baada ya kula: mjomba aliyekataliwa, binamu wa Kiunga mwenye kitambulisho, dada aliyeulizwa swali moja mara tatu katika mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu ili aonekane kama atajibu sawa. Hawa ni watoto wanaojua, kabla ya kujua kugawanya, kwamba mtu anaweza kuwa wawili na kwamba ofisi ndiyo inayochagua yupi wa kweli. Halafu tunashangaa wakishika kontrola wanamchagua wa pili. Pale angalau wao ndio wanaochagua.

Nilisema nitamrudia Noob Saibot.

Kuna kijana mmoja kituoni, simtaji kwa chochote kitakachomtambulisha, ambaye hachezi na mwingine. Akikuta Noob ameshachukuliwa anakaa pembeni anangoja zamu nyingine. Alitoka upande wa Kismayo akiwa mdogo. Msomaji mgeni ajue tu kwamba Kismayo iliingiwa na Mahakama za Kiislamu Septemba 2006, Al-Shabaab wakaishika 2008, na wakakaa hadi mwaka 2012 majeshi ya Kenya na wenzao yalipoingia. Katika maeneo waliyotawala sinema na muziki vilipigwa marufuku, na vijana walichukuliwa kupigana, wengine kwa kutishwa, wengine kwa fedha, wengine kwa kuamini. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Kwa njia gani kati ya hizo tatu, hasemi.

Siku moja mfanyakazi mgeni, binti mwema sana, alikaa karibu naye akamuuliza kwa upole kwa nini anapenda kuwa mtu mbaya. Kijana alishangaa kabisa. Akanigeukia mimi, akasema: "Dada, mwambie huyu si mtu mbaya. Huyu ni kaka yake."

Nikamtafsiria yule binti, na hakuandika kitu.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Kuna watoto wanaochagua mbaya kwa sababu ana mapigo makali na basi. Wengi ni hao, kusema kweli. Devil Jin ana miale inayotoka kwenye paji la uso na anaruka. Ukimpa mtoto wa miaka tisa achague kati ya mtu anayeruka na asiyeruka, usitafute falsafa. Na wako wanaoiga mateke nje ya kibanda wakaumizana, na wako wanaoiba shilingi za mama za kununua makaa wakalipie mchezo kwenye vibanda vya sokoni. Hayo ni mambo ya kushughulikiwa. Saa za kufungua, umri, pesa, nani anasimamia. Orodha ya majina ya wahusika haitasaidia hata moja.

Ile ya majeraha nayo inanisumbua, kwa sababu inakuja na fomu. Mtoto akionekana anampenda mhusika mwovu anatiwa alama, na alama inamfuata. Katika maisha haya ya faili tumeshaona alama moja ndogo inavyoweza kuzaa mtu wa pili kwenye karatasi, mwenye jina la mtoto na tabia asizonazo. Kama lengo ni kumsaidia, bora kukaa naye kwenye benchi, kupokea kontrola ya pili, na kukubali kupigwa. Atasema mwenyewe, katikati ya mchezo, akiwa anatazama TV na si macho yako. Nimejifunza zaidi habari za nyumba za watu katika raundi tatu za Tekken kuliko katika mahojiano yoyote niliyowahi kukaa nayo, hata yale ya kwangu.

Na kuhusu kuzuia: wazee wetu waliotoka Kismayo wanakumbuka nani alikuwa anafunga kumbi za video kwa kisingizio cha kuokoa vijana. Silinganishi kamati yetu na watu wale, ambao walikuwa na bunduki na sisi tuna chai. Nasema tu kwamba kufuli lile watoto hawa wameshaliona, na wanajua hata namna ya kulizunguka. Watakwenda vibanda vya sokoni, ambako hakuna orodha wala mtu wa kuwauliza.

Kikao cha kamati ni Alhamisi saa nane, baada ya mgao. Nitakwenda na TV ile ndogo. Nitamwomba mwenyekiti, ambaye ni mzee wa watu na mcheshi akitaka, achague mtu wake kwanza, na nitamwachia wote, wema na wabaya. Nimeshawaambia vijana wasicheke akichagua.